Kutoa Madoa Katika Nguo Pasipo Kuiharibu Nguo

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, karani, katika mkutano wa wanachama wa Namanyere)



Katibu wetu aliponijia kuniomba niseme maneno machache katika mkutano huu, nilidhani atanipa habari ya pensheni au ya masomo ya jioni, maana hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kila siku. Walakini alisema, "Tuambie habari za madoa." Nikacheka. Yeye hakucheka, bali alinionyesha mkono wa shati lake, nao ulikuwa na wino wa muhuri tangu kifungoni hata karibu na kiwiko, akasema, "Shati hili nimelinunua mwezi uliopita." Basi nikaacha kucheka, nikakubali.

Wala habari hii si ndogo kwa watu wa kazi yetu. Karani huhukumiwa kwa shati lake kabla hajafungua kinywa. Mtu akitoka Kate au Wampembe na karatasi zake mkononi, akafika dirishani na kumkuta karani mwenye kola nyeusi, hudhani kwamba hata hesabu za karani huyo ni chafu. Tena mshahara wetu mnaujua. Shati moja jeupe lililo zuri si kitu cha kutupwa kwa sababu ya tone la mchuzi. Na katika nchi hii ya Ufipa nguo ilikuwa na heshima tangu zamani. Kabla ya marikani kuenea, wazee wa Ufipa na wa bonde la Rukwa walikuwa wakisokota pamba na kufuma nguo kwa mikono yao. Mtu aliyefuma kitambaa kwa siku nyingi hawezi kukichezea.

Kabla sijafundisha neno lolote yanipasa niungame, na wengine wenu habari hii mnaijua kwa upande mmoja tu.

Mwaka nilipohamishiwa hapa Namanyere nilikuwa bado sijaleta jamaa yangu, nikampa kijana mmoja kazi ya kunifulia. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye kukunja nguo vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi kule shule ya misioni. Jumapili moja nilishuka Kirando pamoja na wenzangu, tukala wali na migebuka kwa mchuzi mwingi. Mchuzi ukanirukia kifuani, nami nimevaa shati jeupe. Doa lilikuwa la manjano, dogo, kadiri ya sarafu. Siku ya pili nikampa kijana nguo zote pasipo kumwambia neno juu ya doa lile. Jioni alirudi na uso wa hofu. Lile doa la manjano limekuwa jekundu, kama damu, tena limepanuka. "Mzee," akasema, "nimepaka sabuni tu, likageuka mbele ya macho yangu."

Sikumsadiki. Nilimwambia kwamba amelifua shati langu pamoja na kanga ya mtu inayotoa rangi, kisha ananidanganya. Nilisema hayo mlangoni, kwa sauti, na majirani wakasikia. Nikamzuilia ujira wake wa majuma mawili, shilingi 4,000, nikamwambia asirudi tena. Hakubishana nami. Aliweka beseni chini, akaenda zake.

Ilipita miezi mingi. Siku moja niko tena Kirando, nikamkuta mama yule anayepika akifua kitambaa cha meza chenye madoa ya mchuzi. Alipopaka sabuni, madoa yakageuka mekundu papo hapo. Nikaruka kama mtu aliyeona nyoka. Mama akanicheka, akasema, "Baba, hiyo ni binzari manjano. Ikiona sabuni huona haya." Kisha akakamua ndimu juu ya wekundu ule, ukarudi kuwa manjano. Akasuuza, akakianika juani, na alasiri tulipokuwa tukiondoka, doa lilikuwa limefifia hata lisionekane ila kwa mtu anayelitafuta.

Wenzangu, mimi nilisoma kemia. Mwalimu wetu alituonyesha karatasi za litmasi zinazogeuka rangi zikitiwa katika ndimu au katika magadi, nikaandika yote katika daftari, nikapata maksi nzuri. Nayo binzari ina tabia iyo hiyo: katika kitu kikali cha jamii ya magadi, kama sabuni ya mche, huwa nyekundu, katika kitu kichachu hurudi manjano. Hata katika maabara iko karatasi iliyopakwa binzari kwa ajili ya upimaji huo. Yule kijana alisema kweli tupu, na mimi mwenye daftari nilimwita mwongo.

Nilimtafuta. Alikuwa amekwenda upande wa Mpanda kutafuta kazi, kwa maana baada ya maneno yangu pale mlangoni, watu wa mtaa ule hawakumpa tena nguo zao. Mama yake yuko hapa. Nilimpelekea zile shilingi 4,000 pamoja na nyingine za kuomba radhi. Alipokea. Kisha akasema, "Fedha nimeipokea, mwanangu. Lakini maneno uliyasema mbele ya watu, na fedha umeileta gizani." Basi Katibu aliponitaka niseme habari za madoa, nilikubali kwa sababu ya shati lake, na zaidi kwa sababu ya neno la mama huyu. Nasema mbele ya watu: kijana yule hakuharibu shati langu, wala hakusema uongo. Naomba na itiwe katika jarida.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Doa si uchafu wa juu tu. Ni kitu kilichoingia katika nyuzi, nacho kina asili yake. Kuna madoa yatokayo katika mwili na wanyama, kama damu, maziwa, yai na jasho. Kuna ya mimea, kama chai, kahawa, matunda na utomvu. Kuna ya mafuta. Kuna ya chuma na udongo. Na kuna yetu sisi, ya wino. Kilicho dawa kwa doa hili huwa msumari kwa jingine. Kwa hiyo swali la kwanza si "Nipake nini?" bali "Hiki ni nini?" Na mtu ajuaye jibu ni yule aliyelipata doa, si yule anayelifua. Ukimpa mkeo, au dobi, au mtoto wa nyumbani nguo yenye doa pasipo kumwambia limetoka wapi, umemfunga macho kisha unamlaumu kwa kujikwaa. Mimi siku hizi hufunga uzi mdogo karibu na doa na kusema: hapa ni mafuta, hapa ni wino. Ni kazi ya dakika moja.

Tena usisugue. Tukiona doa, mkono huenda wenyewe kusugua, na kusugua ndiko kunakolipanua na kuchakaza nyuzi. Weka kitambaa safi chini ya doa, kisha gandamiza kwa kitambaa kingine kutoka upande wa nyuma, ukianzia ukingoni kwenda katikati, ili doa litoke kwa njia liliyoingilia. Na dawa yoyote usiyoijua, jaribu kwanza penye pindo la ndani: tia tone, gandamiza kwa kitambaa cheupe, ngoja. Rangi ya nguo ikihamia katika kitambaa cheupe, acha. Vitenge na kanga mpya hasa zataka jaribio hili. Wengi huziloweka katika chumvi wakidhani chumvi itaifunga rangi. Nguo iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani haifungwi kwa chumvi ya jikoni. Itakayotoa itatoa, ifue peke yake katika maji baridi mpaka ikome.

Na neno kubwa kuliko yote: doa lisipite chini ya pasi kabla halijatoka. Madoa mengi yanayoitwa sugu hayakuwa sugu yalipoanza. Yalipigwa pasi.

Damu na ianze, maana watu wengi huikosea. Mtu hujikata, au mtoto hutoka damu puani, na mara birika la maji ya moto huletwa. Fikirini ute wa yai. Ukiwa mbichi huteleza na kutoka kwa maji. Ukiingia katika moto huganda ukawa mweupe na kushikamana na sufuria. Damu nayo ina protini ya namna hiyo. Kwa hiyo maji ya damu ni maji baridi, nayo maji ya asubuhi hapa Namanyere katika mwezi wa Juni yanafaa sana, ingawa vidole havitakubali. Suuza kwa maji yanayopita, kisha loweka katika maji baridi yenye chumvi kidogo, ndipo upake sabuni. Damu iliyokauka loweka usiku kucha. Sabuni nyingi za unga za siku hizi zina vimeng'enya, yaani vitu vinavyokatakata protini vipande vidogo kama tumbo linavyofanya chakula, nazo hufaa kwa damu, maziwa na yai. Walakini zisitumiwe kwa sufu wala hariri, kwa kuwa sufu na hariri nazo ni protini, na kimeng'enya hakijui kuchagua. Nguo nyeupe ya pamba ikibaki na kivuli cha damu, pakeni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Itatoa povu, ikiisha kutulia, suuza.

Mawese ni habari yetu ya ziwani. Yanapakuliwa mashuani kutoka Kigoma, na hakuna mtu apitaye karibu na madumu yale akarudi kama alivyokwenda. Doa la mawese lina vitu viwili ndani yake, mafuta na rangi, na kila kimoja kina njia yake. Kwanza nyunyiza unga wa mahindi au poda juu ya doa lingali bichi, uache robo saa, unywe mafuta, kisha upanguse. Pili paka sabuni kavu ya mche juu ya doa, pasipo maji mengi, au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, fikicha polepole, kisha suuza kwa maji ya moto kadiri nguo inavyostahimili. Mafuta, tofauti na damu, hupenda moto. Nisemapo hapo hucheka moyoni, kwa maana sabuni za mche nyingi zenyewe hutengenezwa kwa mafuta ya mawese; ndugu anamfukuza ndugu. Mafuta yakiisha kutoka utaona rangi ya machungwa imebaki, nawe utakata tamaa. Usikate. Anika nguo juani ikiwa na unyevu. Rangi ya mawese ni jamii ya ile ya karoti, nayo haiwezi kushindana na jua. Katika siku moja au mbili itakwisha. Binzari nayo ni hivyo hivyo. Jua letu la kiangazi ni dawa ya bure, wala sijui kwa nini twakimbilia chupa kabla ya kamba ya kuanikia.

Sasa wino, ugonjwa wetu wenyewe. Makarani waliotutangulia, wale wa siku za 1922 ambapo Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika pale Tanga, walikuwa wakichovya kalamu, na wino mweusi wa bluu wa siku zile mara nyingi ulikuwa na chuma ndani yake. Doa lake likizeeka hufanya kutu, na dawa yake ni dawa ya kutu nitakayoitaja. Kalamu za siku hizi zenye kigololi nchani hutumia wino wa namna ya mafuta, nao maji huutawanya tu. Huo watakiwa spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Weka karatasi nyepesi chini, gandamiza kwa pamba iliyotiwa spiriti, na kila karatasi ikiingia rangi badilisha nyingine. Mtu asiyebadilisha karatasi hulihamisha doa tu. Wino wa muhuri, kama ule wa Katibu, hutoka kwa njia iyo hiyo, halafu sabuni. Lakini ukiwa wa zambarau na umelala siku tatu, jitayarishe kukata mikono ya shati iwe mifupi.

Unga mweusi wa mashine za kunakili ni jambo la pekee. Ule si wino, ni vumbi la plastiki, na mashine huushika katika karatasi kwa kuuyeyusha kwa joto. Ukikumwagikia, usipanguse kwa mkono wenye jasho, wala usiende kwenye maji ya moto, maana utafanya kazi ya mashine juu ya suruali yako mwenyewe. Toka nje, kung'uta, kisha osha kwa maji baridi. Na wenzetu wanaozungusha mashine ya jarida hili wanajua kwamba wino wake ni wa mafuta: hulainishwa kwa mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni nyingi. Juu ya mafuta ya taa nina neno, nitalisema.

Kutu huja kwa ndoo za chuma, kwa misumari ya kuanikia, na kwa maji yanayochuruzika kutoka mabati yaliyozeeka. Chukua ndimu na chumvi, paka, weka juani, na ikikauka ongeza ndimu, kisha suuza sana, maana ndimu iliyoachwa hudhoofisha pamba. Usitie jiki kwenye kutu kamwe. Jiki huikaza kutu. Habari hiyo yawahusu pia wenye madoa ya manjano kwapani. Hayo ni ya jasho, na mara nyingi ya jasho lililochanganyika na manukato ya kwapa yenye chumvi za aluminiamu. Watu huyatia jiki ili yawe meupe, nayo huzidi kuwa manjano. Yaloweke katika maji ya magadi kidogo kwa saa moja, kisha fua kwa sabuni.

Tope la barabara ya kushuka ziwani lina dawa rahisi ambayo hakuna mwenye subira nayo: liache likauke. Ukilisugua bichi, wekundu wake, ambao ni kutu ya ardhi, huingia ndani ya nyuzi. Likikauka, piga kwa brashi, na kilichobaki kitatoka kwa sabuni.

Chai na kahawa, suuza mara moja kwa maji baridi, kisha fua kwa sabuni ya unga. Sabuni ya mche huweza kuikaza rangi ya chai. Kama ni pamba nyeupe na chai haina maziwa, nyosha doa juu ya bakuli, umimine maji yanayochemka kutoka juu kidogo. Nta ya mshumaa, ambayo huja kila umeme unapokatika, acha igande, kwangua kwa upande butu wa kisu, kisha weka karatasi juu na chini, pitisha pasi ya uvuguvugu. Hapo peke yake naruhusu pasi juu ya doa. Utomvu wa ndizi sina habari njema juu yake. Ukiwa bichi, osha papo hapo. Ukikauka ukawa kahawia, nimejaribu ndimu, nimejaribu spiriti, nimejaribu jua, na shati la shamba ninalo. Lililo bora ni kuwa na shati la shamba tangu mwanzo.

Sasa nataka mnisikilize zaidi, kwa kuwa mpaka hapa nimesema juu ya nguo, na sasa nasema juu ya watu.

Jiki ni dawa yenye nguvu. Kwa pamba nyeupe ni msaada, ikiwa imechanganywa na maji mengi kama chupa yake inavyoagiza. Mimi hutumia vijiko viwili vya chakula katika lita mbili za maji, wala siipiti dakika 10. Jiki isiyochanganywa hula nyuzi: leo nguo ni nyeupe, baada ya kufuliwa mara chache inapasuka begani. Sufu na hariri huziharibu kabisa. Lakini hatari kubwa ni tabia yetu ya kudhani kwamba dawa mbili ni bora kuliko moja. Mtu ametia ndimu, doa halikutoka, akaongeza siki, kisha akasema, ngoja nitie na jiki. Jiki ikikutana na kitu kichachu hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ndiyo iliyofunguliwa na jeshi la Wajerumani dhidi ya askari kule Ypres, nchi ya Ubelgiji, Aprili 1915, katika Vita Kuu ya kwanza. Katika beseni ni kidogo kuliko vitani, lakini bafu zetu ni ndogo pia, na mlango hufungwa kwa ajili ya baridi. Macho huwaka, kifua hubana, na mwenye pumu aweza kupatwa na hatari kubwa. Tena nepi za mtoto zilizoloa mkojo zisitiwe jiki kabla hazijasuuzwa, kwa maana mkojo uliokaa una amonia, nayo ikikutana na jiki hutoa hewa nyingine mbaya. Mtu akivuta hewa hizo, atoke nje penye upepo upesi, na kifua kikiendelea kubana aende hospitali.

Na chupa. Twanunua jiki kwa kupimiwa, nayo hutiwa katika chupa ya soda. Twanunua mafuta ya taa, nayo hutiwa katika chupa ya maji ya kunywa. Kisha chupa huwekwa sakafuni karibu na beseni, na mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Nawaomba, jambo hili lianze leo jioni: itoeni katika chupa za vinywaji, iwekeni juu. Mtoto akinywa jiki au mafuta ya taa asitapishwe. Kile kilichochoma koo kikishuka kitalichoma tena kikipanda, na mafuta ya taa yakipanda huingia mapafuni. Osha kinywa chake kwa maji, mchukue hospitali mara moja, na chupa uichukue pia ili mganga aione.

Neno langu juu ya mafuta ya taa ni hili. Tumieni kidogo, nje, mbali na jiko na sigara. Nguo iliyopakwa mafuta ya taa ifuliwe kwa sabuni, ianikwe mpaka harufu iishe kabisa, kabla haijakaribia pasi ya mkaa. Pasi ya mkaa hurusha cheche. Sote tumeona matundu madogo katika shuka. Petroli isitumiwe kamwe. Iko midomoni mwa watu wa gereji kwamba hutoa mafuta mazito upesi, na ni kweli, walakini mvuke wake hutambaa chini mpaka kwenye jiko lililo chumba cha pili, kisha moto hurudi kwa njia iyo hiyo.

Nguo za mitumba nyingi zina kitambaa kidogo ndani ya kola au ubavuni chenye picha. Tusikikate. Picha ya beseni ni ya kufua, na mkono ndani yake ni kwamba nguo ifuliwe kwa mkono. Pembetatu ni ya jiki, na pembetatu iliyokatwa ni kwamba jiki imekatazwa. Pasi ina nukta, na nukta moja ni moto mdogo. Sweta za sufu tunazozivaa Juni na Julai ziwe katika maji ya uvuguvugu tu, zisikamuliwe kwa kusokotwa. Mwenzetu mmoja alilichemsha sweta lake, na sasa linavaliwa na mwanawe wa darasa la pili. Simtaji. Amekaa mstari wa tatu.

Bwana Mwenyekiti, nimemwona Mweka Hazina akitazama saa. Nimeleta mabeseni mawili, maji, ndimu, sabuni ya mche, spiriti na vitambaa vilivyotiwa madoa tangu jana: damu, mawese, wino wa muhuri na binzari. Kila mtu achukue kimoja kimoja ajaribu mwenyewe pale nje penye kivuli. Wa binzari waanze kwa sabuni, wasishtuke. Na Katibu avue shati lake. Wino ule una siku mbili tu, nadhani bado twaweza kuuwahi.